Kurekodi Redio Ukiwa Shambani kwa Kinasa cha Diski

Mtu anayechuma kahawa katika milima ya Mbinga, au anayevua usipa usiku kucha mbele ya Liuli, hawezi kukaa kando ya redio kusubiri kipindi anachokipenda. Kinasa sauti kidogo cha diski kinaweza kumfanyia kazi hiyo akiwa hayupo. Kinachozungumziwa hapa ni kile cha aina ya MiniDisc, kilichoanza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1992, kabla mwandishi wa somo hili hajazaliwa. Siku hizi hupatikana kikiwa kimekwisha kutumika, mara nyingi bila kitabu cha maelekezo.

Kinasa kisichosimamiwa huharibu kazi zaidi mahali pawili: kinapoanza na kinapomaliza.

Vingi vya vinasa hivi havina saa ya kujiwasha. Mtumiaji hutegemea redio inayojiwasha kwa saa iliyopangwa, na kinasa, kama kina uwezo huo, huachwa kikisubiri sauti iingie kwenye waya ndipo kianze. Saa ya redio ya namna hiyo kwa kawaida huhesabu kuanzia usiku wa manane, si kuanzia mapambazuko kama tuhesabuvyo sisi. Saa mbili usiku huandikwa 20:00. Saa tatu asubuhi, 9:00. Aliyeandika 2:00 kwa ajili ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku atakuwa ameagiza saa nane za usiku.

Wakazi wa mwambao wana tahadhari ya ziada. Malawi na Msumbiji ziko nyuma yetu kwa saa moja. Simu inayojirekebishia saa kwa mtandao, ikishika mawimbi ya ng'ambo, yaweza kuonyesha saa ya huko bila mwenyewe kutambua. Anayepanga saa ya redio kwa kutazama simu hiyo atachelewa kwa saa nzima. Ni salama zaidi kufuata saa inayotajwa na mtangazaji.

Mwisho wa kurekodi ndio wenye hasara kubwa zaidi, na ndio usiofahamika. Diski ya MiniDisc ina orodha ya yaliyomo, ambayo kinasa huiandika baada tu ya kurekodi kusimamishwa. Umeme ukikatika kabla ya hapo, kinasa hakitajua kwamba diski ina kitu, hata kama kimezunguka saa mbili. Niliwahi kutumia swichi ya ukutani inayojizima kwa saa ili kunasa mahojiano ya redio ambayo babu yangu alishiriki. Swichi ilizima redio na kinasa kwa pamoja, kwa wakati uleule niliopanga. Niliporudi, kioo cha kinasa kilionyesha diski tupu. Kituo hakikuwa kimehifadhi kipindi hicho, na babu hatunaye tena.

Kwa hiyo swichi ya namna hiyo isiunganishwe na kinasa kamwe. Weka betri mpya hata kama unatumia adapta, kisha fanya jaribio: chomoa adapta katikati ya kurekodi uone kama kazi inaendelea. Kuna vinasa vinavyohamia kwenye betri na kuna visivyohamia. Njia ninayoipendekeza kuliko zote ni kuiacha diski ijae, kwa kuwa ikijaa kinasa husimama na kuandika orodha chenyewe. Diski ya dakika 80 hubeba dakika 160 katika hali ya mono, ambayo yatosha kabisa kwa maneno ya redio. Anayeondoka nyumbani saa moja kabla ya kipindi anaweza basi kukiwasha kwa mkono na kusahau habari za saa.

Anayeteremka na kinasa kutoka baridi ya Mbinga hadi joto la Mbamba Bay akiache mfukoni kwa saa moja au mbili kabla ya kukiwasha, kwani unyevu hutanda kwenye lenzi ya ndani.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaruhusu nakala kwa matumizi binafsi ya mtu mwenyewe. Kuziuza nakala hizo hakumo katika ruhusa hiyo.

Kuhusu ununuzi, Sony ilisitisha kutengeneza diski tupu Februari 2025, hivyo ulizia diski kabla ya kuulizia kinasa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu hali ya bidhaa, iwe mpya au iliyotumika. Rekodi dakika mbili mbele ya muuzaji, bonyeza kitufe cha kusimamisha, subiri maandishi yaache kumweka kwenye kioo, toa diski, irudishe, usikilize. Kisha dai risiti inayotaja aina ya kinasa na hali yake.