Barua Pepe na Ubao wa Pamoja: Somo la Hesabu Kazini

Mwaka 1971 mhandisi wa Marekani, Ray Tomlinson, alifaulu kupeleka barua kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao ulioitwa ARPANET. Tangu hapo barua pepe imeenea maofisini duniani kote, kwa kuwa ni ya haraka na gharama yake ni ndogo. Lakini wepesi huo ndio uliozaa taabu: kuwapelekea nakala watu kumi si kazi kubwa kuliko kumpelekea mmoja. Mpelekaji hapotezi kitu. Wanaopoteza wakati ni wapokeaji.

Hebu tulipime jambo hili kwa hesabu. Tuseme walimu 10 wanatayarisha ratiba ya mtihani. Mmoja anawapelekea wenzake rasimu, na kila mwenzake anawajibu wote. Barua zilizoandikwa ni 10, na kila moja imeingia katika visanduku 9. Jumla ya barua za kufunguliwa ni 10 × 9, yaani 90. Walimu wakiwa 20, jumla ni 20 × 19, yaani 380. Watu wameongezeka mara 2, lakini barua zimeongezeka zaidi ya mara 4! Tena masahihisho yametawanyika, wala hakuna ajuaye kwa yakini rasimu ya mwisho ni ipi.

Dawa mojawapo ni ubao wa pamoja, yaani programu ya ndani ya ofisi ambamo kila shughuli ina ukurasa wake. Rasimu huwa moja, na kila mhusika huandika maoni yake papo hapo. Kusoma bado kupo, ila mtu husoma kwa wakati wake na kuyakuta mazungumzo yote mahali pamoja. Mwalimu mgeni atakayefika mwakani atayakuta pia. Katika barua pepe angekuta kisanduku kitupu.

Je, barua pepe yaweza kufutwa kabisa? Mwaka 2011 Thierry Breton, mkuu wa kampuni ya Atos ya Ufaransa wakati huo, alitangaza kwamba katika muda wa miaka 3 wafanyakazi wake wataacha kuandikiana barua pepe. Mwaka 2012 kampuni hiyo iliinunua blueKiwi, watengenezaji wa programu ya aina hiyo. Barua zilipungua sana, lakini hazikukoma.

Funzo ni kwamba chombo peke yake hakitoshi. Ubao usio na utaratibu huhamisha kelele tu, kutoka kisandukuni hadi ukutani. Wakuu nao hawana budi kuutumia, la sivyo walio chini yao watarudia mazoea. Na jambo la siri, au la mtu wa nje, bado lastahili barua.

Zoezi: Ikiwa watu ni n, onyesha kwamba barua za kufunguliwa ni n(n − 1). Tafuta jumla kwa watu 30. Kisha orodhesha matangazo 10 ya shule yako, ueleze yapi yafaa ubao na yapi barua.