Mwaga maji ya kwanza: vidokezo kwa wapishi wa Nyakasanza

Aseniki ni sumu isiyo na harufu wala ladha, na wali wenye sumu hiyo unanukia vizuri tu. Shida inaanzia shambani. Mpunga hukaa majini kwa miezi, udongo uliozama huachia aseniki, na mizizi yake huinyonya kuliko ya mahindi au mtama. Usiache wali, upike kwa akili.

1. Kwa kikombe 1 cha mchele, chemsha vikombe 4 vya maji. Tia mchele, hesabu dakika 5, mwaga maji yote. Ongeza vikombe 2 vya maji masafi, funika, moto mdogo mpaka ukauke. Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, kilipima njia hii mwaka 2020: mchele mweupe ulipoteza asilimia 73 ya aseniki, wa kahawia asilimia 54. Najua, bidoni la maji lina bei yake hapa kwetu, na makala pia. Lakini dakika 5 hazimalizi gunia. Kuosha peke yake huondoa vumbi na mawe, aseniki kidogo sana.

2. Ukisifiwa mchele wa kahawia kwamba ndio wa afya, sikiliza nusu. Aseniki nyingi hukaa kwenye pumba.

3. Sumu ya jikoni si aseniki peke yake: angalia na sufuria. Mwaka 2014 watafiti walipima sufuria za Kameruni zilizoyeyushwa kutoka vyuma chakavu, wakakuta zinatoa madini ya risasi. Kama yako ni ya namna hiyo, usiilaze na nyanya au ndimu, kwa sababu uchachu huvuta risasi.

4. Kaka anayerudi na dhahabu kutoka Mongbwalu asichomee zebaki kwenye jiko la nyumba. Mvuke wake huingia mapafuni, na chombo alichotumia kisirudi kupikia tena. Hata sokoni, uliza mpunga ulilimwa wapi: kwenye bonde lililo chini ya wanakooshea dhahabu, zebaki hugeuka ndani ya tope ikaingia kwenye punje.

5. Mtoto mchanga ndiye wa kuangaliwa zaidi, maana kwa uzito wake anakula wali mwingi kuliko wewe. Kikomo cha kimataifa cha Codex kwa mchele mweupe ni miligramu 0.2 za aseniki isiyo ya kikaboni kwa kilo. Kwa mchele wa chakula cha watoto, Umoja wa Ulaya uliweka 0.1. Mama, uji wa mchele leo, kesho wa mahindi, keshokutwa wa mtama na soya.