Rimoti ya Slaidi na Kishikwambi: Mafunzo Niliyopata Kinoo

Nafundisha vyama vya akiba na vijana wanaoanza biashara hapa Kinoo, katika kumbi za kukodi kando ya Waiyaki Way. Kishikwambi kinanifaa kuliko kompyuta: kinaingia mkobani, napanda nacho matatu bila wasiwasi, na stima ikipotea hakizimiki. Rimoti ya kugeuza slaidi nayo siwezi kuiacha. Mvua ya Aprili ikianza kupiga paa la mabati, hakuna atakayekusikia ukiomba akusogezee slaidi. Lakini rimoti nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta, na zikikutana na kishikwambi huwa na mambo yake.

1. Tazama kioo cha kishikwambi kwanza.

Ukumbi mzima hutazama televisheni, na slaidi isipogeuka macho yote huhamia kwenye rimoti. Bonyeza mara moja, kisha uangalie kishikwambi chenyewe. Slaidi ikigeuka pale lakini kwenye televisheni bado, rimoti haina kosa. Shida iko kwenye njia ya picha, hasa kama unairusha kwa Wi-Fi, maana picha hiyo hufika ikiwa imechelewa kidogo. Mtu asiyejua hubonyeza tena, slaidi mbili zinapita kwa pamoja, na kina mama walioshika kalamu wanalalamika: "Mwalimu, hebu rudi nyuma kidogo, hatujamaliza kuandika." Ukipata waya wa HDMI, utumie. Usipoupata, bonyeza, useme sentensi moja, ndipo utazame ukutani.

2. Rimoti ni kibodi.

Hili ndilo funzo lililonisaidia kuliko yote. Rimoti za kawaida hazijui slaidi ni kitu gani. Zinatuma tu alama za kibodi. Kitufe cha mbele aghalabu hutuma Page Down, cha nyuma Page Up, cha kuanzisha onyesho F5, na cha kuifanya skrini iwe nyeusi hutuma nukta au herufi b. Kwa hiyo fungua programu ya kuandikia, gusa ukurasa mtupu, kisha ubonyeze kitufe hicho cha skrini nyeusi. Ukiona nukta au b imejiandika, umeshajua mengi kwa mpigo mmoja: betri ina nguvu, mawimbi yanafika kwenye kipokezi cha rimoti, na adapta inayokiunganisha na kishikwambi inapitisha. Kilichobaki kuchunguzwa ni programu ya slaidi peke yake.

Na humo kwenye programu ndimo mna visa vingi. F5 ni desturi ya kompyuta, na kwenye kishikwambi huenda isifanye lolote. Anzisha onyesho kwa kidole, ndipo ushike rimoti. Baadhi ya programu za kusomea PDF hutii Page Down, nyingine hazina habari nayo, kwa hiyo jaribu ile ile utakayotumia mbele ya watu. Tena, alama za kibodi huenda kwa dirisha lililo mbele. Ukifungua ujumbe wa WhatsApp katikati ya somo, rimoti itaanza kuzungumza na WhatsApp. Rudi kwenye slaidi, iguse mara moja, mambo yatakaa sawa. Na usishtuke kibodi ya skrini ikitoweka pindi unapochomeka kipokezi: kishikwambi kimeamini kwamba umeleta kibodi halisi. Kwenye mipangilio ya Android unaweza kukiambia kiendelee kuionyesha.

Kuna vile vitufe vya bei rahisi vya kupigia selfi kwa Bluetooth. Kwa kawaida hutuma alama ya kuongeza sauti, si ya kugeuza ukurasa. Usitarajie vigeuze slaidi.

3. Tundu ni moja, wenye haja ni watatu.

Chaji, kipokezi cha rimoti na waya wa picha, vyote vinagombea tundu moja la USB-C. Android inapokea vifaa vya USB tangu toleo la 3.1 la mwaka 2011, mradi kishikwambi chenyewe kiweze na uwe na adapta ya OTG, ile ya kuchomekea vifaa vya USB. Picha ni suala jingine kabisa. Vishikwambi vingi vya bei nafuu vina tundu la USB-C lisilotoa picha hata kidogo, na hakuna adapta itakayotibu hilo. Mwenye kuchagua achague rimoti ya Bluetooth, tundu libaki kwa ajili ya HDMI.

4. Bluetooth humkumbuka mwenyeji wake wa kwanza.

Rimoti ya kuazima ikikataa kushika, uliza kompyuta ya mwenyewe iko wapi. Ikiwa inawaka chumba cha pili, huenda rimoti imejiunga nayo kimyakimya. Izimie kompyuta hiyo Bluetooth, futa rimoti kwenye orodha ya kishikwambi, kisha ushikilie kitufe cha kuunganisha mpaka taa imetemete, uanze upya. Nyingine hulala zikikaa bila kuguswa, na bonyezo la kwanza linaishia katika kuziamsha.

5. Usikifiche kipokezi.

Rimoti za kipokezi, Bluetooth na Wi-Fi nyingi zinabanana kwenye masafa yale yale ya gigahezi 2.4, na Kinoo ya leo ni ghorofa juu ya ghorofa, kila nyumba na Wi-Fi yake. Mwili wa binadamu una maji mengi, nayo maji humeza mawimbi hayo. Ukisimama ukiwa umeipa meza mgongo na rimoti iko kifuani, wewe ndiwe ukuta. Mwaka 2012 Intel ilieleza pia kwamba vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele katika masafa hayo, kwa hiyo kipokezi kilichobanwa kando ya diski ya nje kinaweza kupoteza uwezo wa kusikia. Waya mfupi wa kurefusha USB, kipokezi kikatokeza mbele ya meza, humaliza kesi nyingi.

6. Betri.

Mpya, za jina unalolijua, na nyingine mfukoni.

7. Jaribu pale pale dukani.

Adapta na rimoti huwa tunaziendea mjini, Luthuli Avenue. Nenda na kishikwambi chako, kikiwa na chaji na slaidi zako ndani. Mwambie muuzaji: "Kaka, chomeka hapa tuone." Rudi hatua kadhaa hadi mlangoni, ugeuze mgongo, ubonyeze. Kisha fungua mahali pa betri uhakikishe kipokezi kimo, maana aghalabu cha rimoti moja hakisikii nyingine hata zikiwa za aina moja. Mwanga wa leza usikubabaishe: kwenye televisheni bapa hauonekani vizuri. Pesa zako ni za vile vitufe viwili, cha mbele na cha nyuma.