Universite Inajua Nini juu Yako?

Ndugu wanafunzi, zaidi ninyi wa la sita, wengi wetu tunatafuta universite kwa intaneti. Sherti tujue tovuti yao inashika nini juu yetu.

Kuko habari za namna mbili. Ya kwanza ni zile unaandika mwenyewe: jina, siku ya kuzaliwa, namba ya simu, asilimia ya egzameni ya serikali. Lakini hata usipoandika kitu, tovuti inapokea anwani ya IP, ni kusema namba ambayo simu inapitia kwa intaneti, saa uliyoingia na kurasa ulizofungua. Tena inaacha ndani ya simu kaandiko kadogo kanaitwa kuki. Kuki zilitungwa mwaka 1994 kusudi tovuti itambue mgeni anaporudi. Kwa simu yako si neno. Kwa simu ya kuazima ao mashini ya siberi ni hatari: usipojitoa, mwenye kukufuata anaweza kuingia katika dosie yako na kubadili chaguo lako la fakilte.

Mtauliza: hakuna sheria? Iko. Universite ya Ubelgiji, kwa mfano, inafuata sheria ya Umoja wa Ulaya tangu 25 Mei 2018: ukiomba, inapashwa kukuonyesha inashika nini juu yako, na kusahihisha makosa. Kwetu Kongo, sheria ya numeriki ya 13 Machi 2023 nayo inalinda habari za mtu.

Chini ya ukurasa mara nyingi kuko maneno "Politique de confidentialité". Ni marefu, yanachosha kweli. Mimi natafuta kwanza mambo mawili: wanapatia nani habari zangu, na wanazishika muda gani.