Kompyuta Moja, Mifumo Miwili: Jinsi ya Kugawa Upya Nafasi ya Diski Bila Kupoteza Kazi Yako

Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za kuboresha usalama wa Windows 10. Kompyuta nyingi za miaka ya nyuma hazikidhi masharti ya Windows 11, na kwa sababu hiyo baadhi ya vijana wanaofanya kazi za mtandaoni, pamoja na wanafunzi wa vyuo, wameweka Ubuntu kando ya Windows katika kipakatalishi kile kile. Mpango huo ni mzuri, hadi siku Ubuntu inapokosa nafasi ilhali upande wa Windows una nafasi tele. Somo la toleo hili linaeleza jinsi ya kusawazisha mambo kwa usalama.

Diski ni kama shamba lililopimwa. Kila mfumo una kipande chake, na kila kipande kina mipaka. Huwezi kuruka kipande cha jirani ukalime upande wa pili ukasema ni shamba lako lile lile. Vivyo hivyo, sehemu ya diski hupanuliwa tu kuelekea nafasi tupu inayopakana nayo.

Katika kompyuta nyingi za aina hii, mwanzoni mwa diski kuna sehemu ndogo iitwayo EFI, ambayo hubeba maelekezo ya kuwasha mifumo yote miwili. Kisha hufuata Windows, halafu Ubuntu, na mara nyingi sehemu ya kurekebishia Windows huwa mwishoni. Ukipunguza Windows, nafasi inayopatikana hukaa kabla ya mwanzo wa Ubuntu. Ili Ubuntu iichukue, data yake yote lazima isogezwe nyuma. Kazi hiyo huweza kuchukua saa kadhaa, na ikikatizwa njiani, data inaweza kuharibika.

Nasema haya kwa uchungu. Niliwahi kuianza kazi hiyo jioni moja, kwa kipakatalishi ambacho betri yake ilikuwa imechoka. Stima ikapotea katikati. Picha za hafla za miaka miwili zikaenda nayo, na nakala sikuwa nayo.

Kwa wengi wetu kuna njia rahisi zaidi: usisogeze mpaka, jenga ghala jipya katika nafasi iliyopatikana. Fuata hatua hizi.

1. Hifadhi nakala. Nakili faili zako muhimu kwenye diski ya nje au flashi. Sehemu nyingine ya diski ile ile haihesabiki kuwa nakala. Fungua faili mbili tatu kutoka kwenye nakala hiyo uhakikishe zinasomeka.

2. Andaa Windows. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, tafuta ufunguo wa kurejesha, wenye tarakimu 48, uuandike kwenye karatasi. Kisha tafuta programu ya "Command Prompt", ifungue kwa mamlaka ya msimamizi, na uandike amri hii: powercfg /h off. Amri hiyo huzuia Windows kulala nusu inapozimwa, na pia hufuta faili kubwa ambayo mara nyingi huzuia sehemu hiyo kupunguzwa.

3. Punguza Windows ukiwa ndani ya Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, kisha uchague "Disk Management". Bofya sehemu ya C kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague "Shrink Volume". Kiasi huandikwa kwa MB: ukitaka GB 40, andika 40960. Usichukue nafasi yote. Iachie Windows akiba ya kutosha. Nafasi itakayopatikana iache tupu. Zima kompyuta, uwashe Windows tena, uone kama inafanya kazi vizuri.

4. Jenga ghala ukiwa ndani ya Ubuntu. Fungua programu ya "Disks" na uchague ile nafasi tupu. Usishangae ikiandikwa kuwa ni GB 43. Ni nafasi ile ile. Windows huhesabu GB moja kuwa MB 1024, na Ubuntu huhesabu kuwa MB 1000. Bonyeza alama ya kujumlisha, chagua aina ya Ext4, na uipe sehemu hiyo jina. Ikishaundwa, bonyeza alama ya pembetatu ili ifunguke.

5. Hamisha mizigo. Peleka video, picha na nyaraka kubwa kwenye sehemu mpya. Ubuntu itapata nafasi ya kupumua bila mpaka wake kuguswa.

Ikiwa ni lazima sehemu ya Ubuntu yenyewe ipanuliwe, hilo hufanywa kwa programu ya GParted, baada ya kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu. Hakikisha betri ni nzima na imejaa, chaja imechomekwa, na una muda wa kutosha. Kazi ikishaanza, usiikatize.

Jambo la mwisho: usifute sehemu ndogo usiyoijua kwa kudhani haina kazi. Sehemu ya EFI inaweza kuwa ya MB 100 tu, lakini ikifutwa, Windows na Ubuntu zote hazitawaka.

Kama huna pa kuweka nakala leo, ahirisha kazi hii hadi utakapopata. Diski iliyojaa inaweza kungoja wiki moja. Faili zilizopotea huenda zisirudi kamwe.