Somo la Ubunifu: Jinsi ya Kuchora Leso Inayofanana na Leso

Kijana anayejifunza kutengeneza wahusika wa filamu za katuni na michezo ya kompyuta mara nyingi hufaulu kwenye uso na mikono, kisha hukwama kwenye nguo. Mama muuza omena wa Kendu Bay akivikwa leso inayong'aa kama plastiki, mtazamaji wa hapa nyumbani hujua mara moja kwamba mchoraji hakuitazama leso. Habari njema ni kwamba kielelezo kipo kwenye kamba ya kuanikia nguo, na programu za Blender na Krita hupatikana bila malipo.

1. Picha. Leso itandazwe kivulini na simu ishikwe juu yake moja kwa moja, bila flashi. Picha ikipigwa juani, vivuli vya mikunjo huingia ndani ya rangi. Mhusika akigeuka, mwanga hubadilika lakini vivuli hivyo hubaki palepale, na nguo huonekana ya uongo.

2. Vipimo. Kabla ya kupaka rangi, umbo la mhusika hukunjuliwa kuwa vipande bapa, kama vitambaa vilivyokatwa na fundi cherehani. Leso ina upana wa takriban sentimita 150 na urefu wa sentimita 110. Ua la sentimita 10 kwenye leso halisi libaki sentimita 10 kwa mhusika. Picha ya pikseli 2048 ikienea upana huo wote, kila sentimita hupata pikseli 14 hivi. Hizo hazitoshi kuonyesha nyuzi za pamba moja moja. Kwa hiyo, kwa picha za karibu, kipande kidogo cha mfumo wa nyuzi hurudiwarudiwa juu ya rangi.

3. Jina la leso. Leso ina pindo, mji na jina. Wachoraji wengi huchora nusu moja ya mwili na kuigeuza iwe nusu ya pili ili kuokoa nafasi. Kwa leso, njia hiyo huyageuza maandishi yasomeke kinyume, kama kwenye kioo. Leso ikunjuliwe nzima.

4. Mng'ao. Pamba haiakisi mwanga kama satini. Leso mpya yenye wanga hung'aa kidogo, na iliyofuliwa mara nyingi hufifia. Mng'ao huwekwa kwenye picha yake ya pekee, mbali na rangi. Mikunjo mikubwa iwe kwenye umbo lenyewe. Makunyanzi madogo yachorwe.

5. Uchakavu na maji. Nguo haichakai sawasawa. Rangi hupauka panapokunjwa na panaposuguliwa, na pindo hulika kwanza. Leso ya mama aliyeingia ziwani hadi magotini huwa nyeusi zaidi na hung'aa sehemu ya chini, kwa sababu maji hujaza nafasi za hewa kati ya nyuzi.

Haki za wabunifu. Mchoro wa leso ya dukani ni kazi ya mtu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda kazi za sanaa, na kunakili mchoro kisha kuuza mhusika aliyeuvaa kunaweza kuleta mgogoro. Leso ya dukani itumike kujifunzia. Kwa kazi ya kuuza, kijana abuni maua na jina lake mwenyewe. Sheria hiyo hiyo itamlinda naye.

Zoezi. Tengeneza leso mbili zenye mchoro mmoja, moja mpya na nyingine ya miaka mitano, uziweke chini ya mwanga mmoja. Mwonyeshe mama au nyanya bila kumwambia lolote, umuulize ipi ni ya kwendea harusini na ipi ni ya kubebea mtoto. Akisita, rudia hatua ya nne na ya tano.