Dondoo muhimu: Kidato cha sita bila kukaa darasani

Mkaazi wa Bwejuu, Unguja, anayetaka chuo kikuu lakini hakusoma kidato cha tano bado ana njia: kujisajili Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sharti ni kufaulu masomo matatu ya kidato cha nne kwa angalau C. Mtihani hufanyika Mei, ila usajili hufunguliwa mwaka uliotangulia, kwa kawaida Julai. Wengine hukwama hapo, hata daftari hawajalifungua.

Kwa anayelima mwani, ratiba ya kusoma ifuate maji. Siku za bamvu wakulima wa mwani huwa pwani asubuhi hadi karibu na adhuhuri, na mtu hurudi hoi. Jioni hizo zitoshe kwa maswali mafupi. Insha na mada nzito zisubiri maji mafu.

Vitabu si kisingizio tena. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania inavyo vya kiada, bure. Tovuti ya NECTA ina fomati, mitihani iliyopita na, kitu ambacho wengi hukiruka, uchambuzi wa majibu ya watahiniwa: wapi walikosea, na kwa nini. Asomaye peke yake hana mwalimu wa kumsahihisha. Uchambuzi huo ndio mwalimu wake. Na kwa kuwa karibu masomo yote hutahiniwa kwa Kiingereza, ajizoeze kuandika majibu kamili kwa kalamu, saa ikienda.

Kwa shahada, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hudai ufaulu wa masomo makuu mawili wenye jumla ya pointi 4, yaani hata D mbili. Kozi nyingi hudai zaidi.